Vibendera Viwili vya Njano

...na huyu msimamizi ananipungia mkono tena, shusha, shusha, utadhani mimi kipofu, nimekuona bwana, nimekuona, mkono uko hapa kwenye wenzo, ndoo ya mtambo wa kuchimbia inaning'inia juu, haishuki, injini inanguruma taratibu na kiti kinanitetemesha mgongo, na kule mbele vibendera vitano vya njano vimejipanga, vimenyooka, vinapendeza hata, na anayejua kwamba cha tatu na cha nne havikuchomekwa na mpimaji ni mimi peke yangu, maana mpimaji alipita jana asubuhi na kile kifaa chake, kila kinapolia sana anachomeka kibendera, akatuambia bomba la gesi liko hapa chini jamani, mita mbili kila upande mtambo marufuku, hapo ni sepeto na mikono tu, na atakayegusa kibendera anakwenda nyumbani siku hiyo hiyo, tukaitikia sawa, mimi kwa sauti kuliko wote, halafu jioni nikataka kugeuza mtambo, pamebana, nikashuka, nikang'oa viwili, dakika mbili tu, nikageuza, nikavirudisha kwa kukadiria, kwa macho! miaka kumi na tisa kazini na napima bomba kama mtu anayetundika picha sebuleni, lo... "Shusha basi! Unangoja nini?" nusu nasikia, nusu inamezwa na injini, nangoja nini, swali zuri hilo, labda nilikosea kidole kimoja tu, labda sikukosea kabisa, labda... na shemeji yangu kasimama kando ya mtaro na sepeto lake, kofia ya kazi kaivaa nyuma mbele, anacheka, "Shemeji, umelala huko juu? Au dada yangu hakukupa chai?" nyamaza wewe, mimi ndiye niliyekuleta hapa, dada yako alisita, nikamwambia, mke wangu, ondoa shaka, nitakuwa juu, namwona muda wote, na kweli namwona, sasa kanigeuzia mgongo, anakwangua matope kwenye viatu, mgongo wote kwangu, mtu haupi mgongo mtambo ambao hamjui mwendeshaji wake... mwaka mmoja, kwenye kazi nyingine, bomba lilipotobolewa hatukusikia kishindo kwanza, tulisikia mluzi mwembamba, kama birika jikoni, watu wakatazamana, kisha ule moto, na mwendeshaji nilimtembelea hospitali, mikono yote bandeji, hakulia, aliniambia tu, nilikuwa na wasiwasi tangu asubuhi, nikaona haya kusema... nikatoka pale nikimlaumu, njia nzima, nikasema moyoni mjinga gani huyu, haya ya nini, na leo nimekaa kwenye kiti kama chake, hizo labda zangu zote ninazipanga ili nisitamke maneno manne, hayazidi manne, vibendera nilivihamisha mimi basi, mpimaji arudi na kifaa chake, kazi ilale siku nzima, msimamizi atafoka mbele ya watu, shemeji atanisimulia kwa ukoo mzima mpaka uzeeni, na kazi yenyewe huenda ndiyo imekwisha, imekwisha... "We! Unanisikia?" nakusikia, anapunga, anapunga, ndoo iko juu vile vile, mkono wangu umetoka kwenye wenzo, unatafuta ufunguo nizime injini, naona aibu, naona aibu kwelikweli, na nitashuka nayo hivyo hivyo.