Siku Niliyokuwa Rais wa Makombora

Ukitaka kuzijua hasira zangu, nipe nchi. Mwalimu Gertruda alinipa moja Jumamosi ile, kwenye shindano la sekondari za Mbinga la kuigiza mazungumzo ya mataifa. "Careen, wewe ni Rais wa Korandi," alisema. Korandi ni nchi ya kubuni, inaunda makombora na kuwauzia wagomvi. Abdulmalik, mtoto wa mwenye duka la vitambaa, mdomo kama cherehani, aliongoza mataifa yaliyotaka kunizuia. Sharti lilikuwa hili: tusipokubaliana kabla ya kengele, timu zote mbili hazitakwenda fainali Songea. Na mimi Songea nilikuwa naitaka kwa udi na uvumba!

"Vikwazo!" Abdulmalik alianza. "Hakuna mbolea, hakuna dawa, hakuna meli. Dawa ya moto ni moto."

"Basi leo nafyatua kombora!" nikajibu, na ukumbi mzima ukagonga meza. Raha iliyoje kuogopwa! Kila alipokaza, nami nikakaza. Kilian, mkuu wangu wa majeshi, alichekelea mpaka tai ikampinda. Muda ukayoyoma, Mwalimu akaishika kengele.

Hapo Zita, msichana wa Mkumbi aliyekuwa upande wa Abdulmalik, akabeba kiti chake akaja kukaa ubavuni kwangu.

"Umehamia kwa adui?" Abdulmalik akafoka.

"Mshenga hakai kama hakimu," Zita akamjibu. Kisha akanigeukia. "Mheshimiwa Rais, ukizima mitambo leo, kesho utaogopa nini?"

Nilifungua mdomo nimtukane, tusi likanikimbia. Tangu asubuhi hakuna aliyeniuliza hivyo.

"Nitaogopa kuvamiwa," nikasema. "Na watu wangu watasema nimepiga magoti."

Zita akaandika mbiombio: wakaguzi waingie viwandani, siku hiyohiyo mbolea na dawa zipite, nchi isiyo na upande ilinde mpaka, neno kushindwa lisitajwe popote.

"Yaani tumzawadie mkorofi?" Abdulmalik alihamaki.

"Tumpe pa kutokea. La sivyo, Songea tutaisikia redioni."

Abdulmalik alinung'unika, akasaini. Karatasi ikaja kwangu.

"Usisaini, Careen!" Kilian akaninong'oneza. "Watatucheka!"

Mwalimu aliinua kengele. Nikampa Kilian kisogo, nikasaini, na hapohapo kengele ikalia. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele! Hakuna hata mmoja aliyekuwa akiniogopa tena, nami nilikuwa nikipiga kelele kuliko wote.