Onyo la Pembeni mwa Kioo

Vuai alikuwa na sifa mbili katika chumba walicholala vibarua wenzake huko Uarabuni, mtaa wa Industrial Area, na zote mbili alizipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Ya kwanza ni kwamba alikuwa fundi wa kompyuta, na hiyo ilikuwa kweli kiasi chake. Ya pili ni kwamba alijua Kiarabu. Hii ilizuka kwa sababu alikuwa amehitimu chuo cha Kurani kwao Makunduchi, na aliposalisha wenzake sauti yake iliwatuliza hata waliotoka kazini hoi. Wakadhani anayesoma vile lazima anaelewa. Yeye hakuwakatalia.

Laptopu yake aliinunua kwa Msiria aliyekuwa akihama. Aliigeuza yote ikawa ya Kiingereza, isipokuwa antivairasi. Hiyo aliiacha na Kiarabu chake makusudi. Kila ilipotoa onyo pembeni mwa kioo, Vuai alilitazama, akatikisa kichwa taratibu mithili ya mtu aliyepewa habari nzito, kisha akalifunga. Wenzake walikuwa wakimwona. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake, Mungu amsamehe.

Ikawa laptopu ya Abubakari, kijana wa Tanga aliyelala kitanda cha chini yake, imegoma kuwaka. Ndani yake mlikuwa na kazi ya chuo aliyoihangaikia mwaka mzima kwa mtandao, nakala hana, na Ijumaa ilitakiwa iwe imefika kwa walimu. Vuai akamtoa hofu. Kinachotakiwa ni flashi tu, akasema. Ataiandikia programu ya kuwashia kwenye laptopu yake mwenyewe, kisha waichomeke kwenye ile mgonjwa iamke. Abubakari akaenda madukani Al Sadd kununua.

Kazi ilikwenda vizuri hadi karibu na mwisho, ikakatika. Onyo la Kiarabu likachomoza. Abubakari akauliza linasemaje. Neno "sijui" halina mfupa, lakini lilimkwama Vuai kooni.

"Linasema flashi ni bandia," akajibu.

Abubakari, mtu mpole asiyejua kugomba, alirudi dukani akagomba. Mbele ya wateja alimwita mwenye duka, mzee mmoja Mhindi wa Kerala, mwizi. Mzee akambadilishia flashi bila kumtazama usoni. Hiyo nayo ikakatika palepale, na onyo likawa lilelile.

Safari hii Abubakari alimpigia simu dada yake, Aisha, mfanyakazi wa nyumbani kule Lusail. Kwa kusoma, Aisha hakuijua hata alifu, lakini miaka ya jikoni kwa Waarabu ilimfundisha kukielewa Kiarabu vizuri. Alitaka kusikia onyo lenyewe, ili azungumze na mwenye duka wamalizane. Simu ikawekwa spika.

"Kaka Vuai, nisomee tu. Mimi nasikiliza."

Maandishi yale hayakuwa na irabu kama za msahafu, na Vuai akayaburura neno kwa neno, akibahatisha kama mtoto wa siku ya kwanza chuoni. Aisha akamwomba arudie. Akarudia.

"Halisemi flashi mbovu," Aisha akasema, kwa upole uliozidi kuumiza. "Linasema limeizuia programu isiandike kwenye flashi, kwa usalama wako. Ukiipa ruhusa itaendelea. Ni antivairasi yako mwenyewe, kaka."

Asiyejua maana haambiwi maana, lakini Vuai aliambiwa, tena kwa spika. Hakuna aliyecheka. Joram, Mkenya wa kitanda cha dirishani, alianza kukunja nguo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa. Vuai aliizima ile kinga kwa muda, akaanza upya, na flashi ikakamilika bila kelele. Laptopu ya Abubakari ikaamka na kazi yake yote. Abubakari akashukuru, tena kwa dhati, na Vuai akatamani angetukanwa. Kutojua si dhambi. Kilichomchoma ni kwamba aliona heri mwenzake akagombane na mtu asiye na kosa kuliko yeye apungukiwe na sifa.

Magharibi ikaadhiniwa. Abubakari akatandika mikeka, akaacha nafasi ya mbele kama kawaida.

"Tangulia, ustadhi."

Vuai hakusogea. "Leo nitasimama nyuma yako."

Abubakari akasogea mbele. Hakuwa na hasira.

"Sawa," akasema. "Lakini tukimaliza, twende wote Al Sadd. Yule mzee nilimwita mwizi kwa ulimi wako."