Tochi Kwenye Ukumbi wa Kura

"Shemeji, leo tena umekuja na jua lako?" Mzee A-hok aliuliza, akiinyooshea kidole tochi iliyochungulia kwenye kikapu cha Siok-khim. Watu waliokaa kwenye viti vya plastiki wakacheka.

Siok-khim hakucheka. Alikuwa amewahi kiti cha mbele kabisa, pale kwenye kamba iliyotenga watazamaji na meza ya kura, ili kichwa cha mtu kisimzibe. Tangu alfajiri alikuwa kibandani akifungua chaza: kisu kinapenya, mkono unageuka, nyama inadondokea kwenye beseni. Alikuwa ameoga na kubadili nguo, lakini vidole bado vilinuka bahari. Upande wa pili wa kamba, kwenye ukumbi wa pembeni wa hekalu la Mazu, mungu wa kike wa bahari, binti yake Hui-tin alikuwa akibandua utepe wa muhuri kwenye sanduku la kura. Hui-tin ni mwalimu wa shule ya msingi, na safari hii yeye ndiye msimamizi. Jina lake lilikuwa limebandikwa mlangoni, kila mtu alisome. Hilo ndilo lililomkosesha mama yake usingizi.

"Cheka tu," alimwambia A-hok. "Mwaka ule ulikuwepo. Au umesahau?"

"Nisahau vipi? Ila mwaka ule, shemeji, tulikuwa tunanong'ona hata chooni. Sasa hivi mjukuu wangu anamtukana waziri kwenye simu, halafu anakwenda zake kulala."

Mwaka ule walikuwa wanahesabu kura za mkuu wa mji. Taa zikazimika. Ziliporudi, rundo moja la karatasi lilikuwa limenenepa. Mumewe Siok-khim, Bun-hiong, alisimama akasema kile ambacho kila mtu alikuwa amekiona, na wanaume wawili wakamshika makwapa wakatoka naye. Aliporudi nyumbani, chaza walikuwa wameshavunwa na wengine kupandwa. Tangu hapo hakuwahi kumaliza sentensi iliyohusu serikali. Akiianza tu, anainuka kwenda kufunga dirisha, na akisharudi kitini anazungumzia bei ya kamba za kufugia chaza. Akafa hivyo hivyo, na maneno yake nusu nusu.

Lakini aliyemkaa Siok-khim moyoni hakuwa mmoja wa wale wanaume wawili. Alikuwa msimamizi wa meza ile, mtu mpole, mwalimu kama Hui-tin. Hakuiba chochote. Aliangalia chini tu, mpaka yakaisha. Mtoto wa mtu anaweza kulelewa vizuri, akasomeshwa, na bado siku moja akaangalia chini. Mama yupi ana uhakika?

"Namba moja, Lau," msomaji aliita, akiinua karatasi juu mpaka waliosimama mlangoni wakaiona. Mwenzake akachora mstari ukutani. "Namba mbili, Kho Bi-ling." Mstari mwingine. Lau alikuwa mkuu wa kijiji miaka mingi, mpaka watu wakamzoea kama nguzo ya umeme. Bi-ling alikuwa muuza tambi. Mistari yao ilikuwa ikifukuzana.

"Bibi, unaona vizuri?" askari kijana aliuliza, akiifungua zaidi milango.

"Naona. Wewe angalia swichi."

"Ngoja nikuchemshie chai, shemeji," A-hok alisema akiinuka. "Ukali wako huo unahitaji kitu cha moto."

Nje giza lilikuwa limeingia. Wasomaji walikuwa kwenye karatasi za mwishomwisho ukumbi ulipogeuka mweusi ghafla. Feni ikazunguka kidogo, ikanyamaza.

Miguu ya Siok-khim iliondoka kabla ya akili. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka kamba, na mikono imetangulia mbele, tayari kulalia zile karatasi kama mtu anavyomlalia mtoto nyumba ikiungua.

"Wote rudini nyuma, mbali na meza." Ilikuwa sauti ya Hui-tin, haikupanda wala haikutetemeka. "Mikono juu. Kila mmoja." Kisha, kwa sauti ya nyumbani: "Mama. Najua umeshavuka. Rudi."

"Nani atazilinda?"

"Ukigusa hata moja, nitakayejibu ni mimi. Hapo ulipo, mulika. Wewe mulika tu."

Siok-khim alisimama mguu huku, mguu kule. Giza hili alikuwa amelisubiri miaka yote, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kufikiri kwamba kazi yake ingekuwa kusimama. Akauvuta mguu. Akabonyeza tochi.

Mwanga ulitua kwanza kwenye meza: marundo mawili, vile vile. Ukapanda. Mikono ya watumishi wote ilikuwa hewani, mitupu, vidole vimeachana. Ya Hui-tin ilikuwa juu kuliko yote, na macho yake yalikuwa yakiitazama tochi moja kwa moja, hata kope hazikupepesa. Hapo simu zikaanza kuwaka, za watu wa Lau na za watu wa Bi-ling, mpaka ukumbi ukawa mweupe.

Kutoka jikoni kwa hekalu A-hok akaita, "Jamani, samahani. Nimechomeka birika la umeme."

"A-hok, utafungwa wewe," mtu akasema.

"Na majani sijatia bado."

Kicheko kilichopasuka kilimkuta Siok-khim ameshaketi. Askari akaenda kurudisha swichi. Mawakala wa pande zote mbili wakakagua marundo, wakaridhika, na karatasi zikaendelea kuinuliwa. Bi-ling alishinda kwa kura za kuhesabu vidoleni. Lau alisonya, akasema kijiji hiki hakina shukrani na kitakula tambi mpaka kijute. Kisha akauliza funguo za chumba cha kipaza sauti cha matangazo ya kijiji ampe nani.

Hui-tin alipomaliza kukabidhi magunia ya kura, mama yake alikuwa akimsubiri juu ya pikipiki yake ndogo.

"Umeniaibisha," Hui-tin alisema akipanda nyuma.

"Najua."

"Watu wamefunzwa siku hizi, Mama. Kila mtu anajua la kufanya."

"Wamefunzwa kwa sababu kuna waliolia. Wakishasahau, nani atawafunza?" Kichwa cha binti yake kilikuwa kimeshauegemea mgongo wake, kizito kwa usingizi.

Akaendesha polepole. Kwenye kila nyumba madirisha yalikuwa wazi na watu wanabishana kwa sauti: huyu anamlaani Lau, yule anamlaani Bi-ling ambaye hata hajaanza kazi, mwanamke mmoja anasema serikali nzima haina hata mwenye akili ya kukaanga yai. Siok-khim alizipita sauti hizo moja moja bila haraka.

Karibu na ukuta wa bahari kulikuwa na nyumba moja iliyofungwa madirisha, kama alivyozoea kuyafunga Bun-hiong, taa inawaka ndani. Akapunguza mwendo. Akaweka mguu chini, injini ikinguruma taratibu, akageuza sikio, akasubiri mtu aongee.