Mdai wa Juzuu ya Saba

Maktaba ya sheria ilifunguliwa saa mbili asubuhi, na kama kawaida wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliacha mabegi kaunta wakakimbilia rafu za ripoti za kesi. Aliyewahi alisoma alichotaka, kisha akakificha kitabu nyuma ya vitabu vya ufugaji wa kuku ili mwenzake asikione. Ndio ulikuwa utaratibu. Hakuna aliyeuandika na hakuna aliyeuvunja. Mkutubi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alishinda akiitoa sheria kwenye kuku na kuirudisha mahali pake.

Binti wa fundi cherehani hakukimbia. Alikuwa anarudia somo la Stadi za Utafiti wa Maktaba kwa mara ya mwisho. Akianguka tena, chuo basi. Na nyumbani mama yake alishaacha kumwita kwa jina. Alimwita "wakili", hata anapomtuma chumvi.

Mazoezi ya somo hilo yaligawiwa kwa kura, na anayerudia hupewa lilelile lililomwangusha. Lake lilikuwa Juzuu ya Saba, kitabu ambacho hakuna aliyejisumbua kukificha: kesi ya dobi aliyefungiwa chumba na mwenye nyumba. Eleza mahakama iliamua nini, nukuu ukurasa.

Alikifungua palepale alipokifungua mwaka jana na mwaka juzi. Madai yalikuwepo. Utetezi ulikuwepo, maneno mengi na matamu. Kisha jaji akaandika "Kwa hiyo", na hapo ukurasa ukaisha. Uliofuata ulinyofolewa zamani, zikabaki ncha ncha kama meno ya panya.

Dobi mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha dirishani. Alitoka kitabuni mara tu ukurasa uliponyofolewa, maana mtu hawezi kuishi kwenye kesi isiyo na mwisho. Alikaa na furushi lake mapajani na pasi ya mkaa kando. Maktaba hairuhusu moto, kwa hiyo pasi ilikuwa baridi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefika mwisho?"

"Nimefika kwenye 'kwa hiyo'."

"Wote mnaishia hapo. Yule aliyekutangulia sasa anauza viatu, sijui. Mwingine kawa askari."

"Na wewe hukumbuki kitu?"

"Nakumbuka jaji alikohoa. Akasema 'kwa hiyo', nikajikuta hapa. Nguo za watu zimebaki mle chumbani. Mpaka leo watakuwa wananiita mwizi."

"Mwaka juzi niliandika kwamba umeshinda," binti akasema. "Nikapata sifuri, kwa kuwa sikunukuu ukurasa. Mwaka jana nikaandika umeshindwa."

"Ukapata ngapi?"

"Sifuri."

"Basi bado sijui," dobi akasema, akalikaza furushi lake.

Safari hii binti akaenda kaunta kuuliza ukurasa uko wapi. Mkutubi alimjibu kama anayemwelekeza mtu chooni.

"Huo ukurasa anao mhadhiri wenu. Alipokuwa mwanafunzi, darasa zima lilipewa kesi hiyo hiyo. Akawahi, akaunyofoa. Alipata alama zote, wenzake wakaanguka, ndiyo maana alibaki yeye kufundisha."

"Na hujamwomba aurudishe?"

"Nimemwomba mpaka ulimi umeota sugu. Anasema yeye hakuazima kitabu, kwa hiyo hana cha kurudisha. Nenda naye huyo mama, labda atamwonea haya."

Wakapanda ngazi, dobi mbele, pasi mkononi. Mhadhiri alikuwa anakunywa chai. Ukurasa ulikuwa chini ya kioo cha meza yake, na kikombe juu yake.

"Ah, mdai," akasema. "Karibu, kaa. Pasi weka sakafuni, meza itachubuka."

Dobi akauliza swali lake. Mhadhiri akasogeza kikombe, akasoma kwa sauti nzuri ya darasani: "Kwa hiyo mahakama inaamuru mdai afunguliwe chumba chake leo, kabla jua halijatua."

Dobi akatazama dirishani. Jua lilikuwa bado juu.

"Nipe hiyo karatasi, baba, nikamwonyeshe mwenye nyumba."

"Haiwezekani. Karatasi ikiwa nje ya juzuu haina nguvu."

"Basi irudishe kwenye juzuu."

"Nikiirudisha, zoezi litakuwa rahisi mno."

Binti akasogelea meza. "Na mimi, mwalimu? Ukurasa nimeupata."

"Umeupata kwa kuambiwa, na umeupata ofisini. Somo linasema maktaba." Akarudisha kikombe mahali pake. "Mkitoka mfunge mlango, kuna upepo."

Wakafunga mlango.

Binti aliandika hata hivyo. Aliandika kwamba dobi alishinda, akaeleza sababu. Penye ukurasa akaandika: chini ya kikombe. Matokeo yalibandikwa ubaoni wiki iliyofuata, na lake lilikuwa sifuri, lenye mstari chini yake ili lisikosewe.

Alirudi maktaba kukabidhi kadi. Mkutubi akaipokea, akaikata pembe kwa mkasi.

"Nyumbani utasema nini?"

"Mama atanifungulia mlango, ataniita wakili," binti akasema. "Kwa hiyo..."

Mkutubi alingoja, lakini sentensi ilikuwa imeishia hapo. Akaenda nyuma ya kaunta, akavuta kiti, akakipeleka dirishani kando ya dobi. Binti akakaa, begi mapajani.

Karibu na rafu, mvulana wa mwaka wa kwanza aliyeangukiwa na zoezi lilelile alikuwa ameifungua Juzuu ya Saba, anapekua mbele na nyuma.

"Nilishinda, mwanangu," dobi akamwambia.

"Ukurasa wa ngapi, mama?" mvulana akauliza.

Mfagizi akapita na tambara lake, akawaomba waliokaa dirishani wainue miguu. Wakainua wote wawili.