Neno Kwenye Ramani ya Mgodi

Ritha alikuwa kwenye chumba cha walimu, mjini Shinyanga, mdogo wake Edson alipomtumia picha ya ramani kwa WhatsApp. Ilikuwa ramani ya mgodi wa Wazungu uliofungwa kabla ndugu hao wawili hawajazaliwa. Kalisti, msimamizi wa duara, yaani shimo la dhahabu, alilokuwa akichimba Edson kwenye eneo hilo hilo kule Mwakitolyo, aliipata kwa mtu aliyekuwa akihama nyumba. Punde simu ikaita.

"Shikamoo dada. Hapo penye alama ya nukta nukta pameandikwa nini?"

"Marahaba. 'Old man.' Yaani mzee."

"Mzee gani tena chini ya ardhi?"

Ritha alikuwa amefundisha Kiingereza miaka kumi na sita. Hakupenda kuonekana hajui. "Ni kaburi," alisema. "Kuna mzee kazikwa hapo." Kengele ikalia, akaenda darasani.

Machimboni neno hilo lilipokelewa kwa heshima. Kalisti alimwaga pombe ya mtama, akaomba ruhusa kwa mzee, na wachimbaji wakaendelea kuelekea upande ule bila wasiwasi. Siku ya tisa asubuhi, sururu ya Edson ilitoboa ukuta. Maji yakafumuka. Wenzake watatu waliokuwa karibu na ngazi waliwahi kupanda. Edson alitolewa baada ya siku mbili, pampu zilipomaliza kuvuta maji.

Msibani kila mtu aliuliza maji yale yalitoka wapi. Matanga yalipokwisha, Ritha alikwenda na picha ya ramani kwa mzee Jashvant, muuza vipuri mjini, ambaye baba yake aliwahi kuwa karani wa stoo kwenye mgodi ule wa Wazungu. Jashvant alitoa kitabu chakavu cha maneno ya wachimbaji wa Uingereza, akavaa miwani, akalitafuta lile neno polepole.

"Siyo mtu, mama," alisema. "Ndivyo walivyoita machimbo ya watu wa kale, mashimo yaliyoachwa. Siku hizi hata Waingereza wenyewe wengi hawalijui. Liliandikwa kama onyo, maana mashimo hayo hujaa maji."

Siku hiyo hiyo Ritha alipanda basi la Mwakitolyo. Alimkuta Nyamizi, mjane wa Edson, akianua nguo. Akamweleza yote akiwa amesimama.

"Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa sijui. Lakini sikumwambia kwamba sijui."

Nyamizi alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena. "Kina Kalisti wameanza duara jipya," alisema mwishowe. "Nenda kawaambie hivyo hivyo ulivyoniambia."

Kalisti alimsikiliza, mikono kiunoni. "Juzi mzee, leo maji. Kesho utatuambia nini?"

Ritha hakubishana. Aliomba ramani, akaitandaza juu ya kifusi, akamwonyesha maneno yale yale sehemu tatu zaidi. Mojawapo ilikuwa pale pale waliposimama. Kalisti aliitazama kwa muda, kisha akainama kwenye mdomo wa shimo, akawaita watu wake. Walipanda watano. Wa mwisho suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini.

Ritha bado anafundisha. Mwanafunzi akimuuliza neno asilolijua, husema hajui, na darasa hucheka. Kila likizo huenda kumwona Nyamizi. Hupokewa vizuri, hupikiwa, hutandikiwa kitanda. Ila Nyamizi hamwiti tena wifi. Humwita mwalimu.