Kona Iliyokunjwa

Mimi nina mdomo, sitajificha. Kwa miaka kumi na sita ya kufundisha hesabu nimewasema watoto, nimewasema wazazi, na mwalimu wa sayansi nilimsema mbele ya ofisi nzima siku alipojumlisha vibaya alama za mtoto mmoja. "Mwenzangu," nilimwambia, "kama kujumlisha kunakushinda, kaombe kazi ya kupiga kengele." Walimu walicheka mpaka vikombe vikamwagika. Yeye naye alicheka, maskini, huku akikoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari.

Kilichonikera kuliko vyote ni mtoto anayedhani alama zinajiendea tu zinakotaka. Baada ya kila mtihani niliwauliza mmoja mmoja: "Kwa nini umepata hizi?" Aliyesema mtihani ulikuwa mgumu nilimkatiza hapo hapo. Aliyesema hakusoma nilimpigia makofi, maana huyo walau alijua kwamba mkono uliozileta alama ni wake mwenyewe.

Basi darasa la nne nilikuwa na msichana ambaye jibu lake lilikuwa moja. "Bahati tu, mwalimu." Akipata tisa, bahati tu. Penseli ikipotea, bahati tu, na ikionekana chini ya dawati, bahati tu vilevile. Wenzake wakamgeuzia jibu hilo kuwa jina, naye akaliitikia. Nilikuwa nimemfundisha tangu darasa la pili, na miaka yote hiyo alikuwa wa mkiani. Hakuwa mtoro wala mgomvi. Alikaa karibu na dirisha akisubiri siku iishe.

Muhula huu niliapa kumtoa huko. Nilimwita mezani kwangu nikamwambia, "Njoo kila siku wakati wenzako wanacheza. Wiki tano. Tufanye sehemu tupu: kujumlisha sehemu, kutoa sehemu, kulinganisha sehemu. Halafu uniambie kama ni bahati."

Alikuja. Siku ya kwanza alikuja kwa kuogopa, wiki ya pili alikuja akikimbia. Tulikata karatasi vipande, robo na theluthi, tukazipanga mezani. Siku moja nilikosea makusudi ubaoni, naye akainua mkono akasema, "Mwalimu, hapo si sita, ni kumi na mbili." Nilifurahi kama niliyezaa. Mitihani ilipofika, alinong'ona akipita mlangoni: "Mwalimu, nadhani nitapata. Nimesoma."

Sasa nieleze ninavyosahihisha, maana kosa limelala hapo. Mtihani ulikuwa na maswali hamsini katika karatasi tatu zilizobanwa pini. Nina wanafunzi hamsini na wawili. Sisahihishi mtoto mmoja mpaka mwisho; nasahihisha ukurasa wa kwanza wa wote, kisha wa pili wa wote, kisha wa tatu. Hivyo mkono unazoea majibu na kazi inakwenda mbio. Jina liko ukurasa wa kwanza tu, kwa hiyo nikiwa ukurasa wa pili sijui ninamsahihisha nani. Alama za kila ukurasa naziandika chini, kwenye kona ya kulia. Mwishoni napitia kona tu, najumlisha tatu hizo, nimemaliza.

Kuna jambo jingine. Mtoto akikosa ukurasa mzima, siandiki sifuri. Naacha kona tupu. Niliona ni huruma, kwamba mtoto asiione sifuri nyekundu ikimtazama. Kumbe huruma yenyewe ndiyo iliyonichimbia shimo.

Siku ya matokeo nilisimama mbele nikasoma majina na alama. Nilipofika kwake nilisoma, "Kumi na nne." Nane za ukurasa wa kwanza, sita za ukurasa wa tatu. Ukurasa wa pili ulikuwa wa sehemu, na kona yake ilikuwa tupu. Wiki tano za sehemu, hata alama moja! Nilijisikia nimedharauliwa.

"Simama," nilimwambia. "Kumi na nne ni za mtu asiyejitahidi. Ulikuwa unakuja kunifurahisha mimi, au ulikuwa unakuja kusoma?"

"Sijui, mwalimu."

"Basi ukae na hizo kumi na nne zako. Umezitafuta mwenyewe."

Alikaa. Hakulia. Aligeuzia uso dirishani, na mimi nikasoma jina lililofuata.

Siku nne baadaye, nikipanga karatasi kwa ajili ya siku ya wazazi, nilikuta yake imekunjwa kona ya chini, kidogo tu, ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Kurasa zote tatu zilikuwa na alama ya kukunjwa, ila kona ya ukurasa wa pili ndiyo iliyokuwa imerudi ikajifunika baada ya mimi kuandika. Nilipoinyoosha nikaona mwandiko wangu mwenyewe kwa wino mwekundu: ishirini. Maswali ya sehemu yalikuwa ishirini na mawili. Alikuwa amepata ishirini.

Niliketi kitini mpaka miguu ikafa ganzi. Mtu mzima mwenye haya angetoka palepale akamtafute mtoto. Mimi nilichofikiria kwanza ni mwalimu wa sayansi, na jinsi atakavyocheka. Nikaenda kwa mwalimu mkuu nikamwambia kuna jina moja nilikosea kunakili. Akasema, "Rekebisha tu." Nikaandika orodha mpya, thelathini na nne badala ya kumi na nne, nikaibandika mlangoni watoto wakiwa uwanjani, nikaondoka kama mtu aliyemwaga uchafu kwa jirani.

Kesho yake nilimsikia msichana huyo bombani. Rafiki yake alimuuliza, "Umefanyaje mpaka zikapanda?"

"Sijafanya kitu," alisema, akikinga maji kwa viganja. "Niliposoma nilipata kumi na nne. Nimeacha kusoma, zimefika thelathini na nne. Si nilikwambia? Bahati tu."

Nilisimama nyuma ya ukuta, na aibu ilinipanda mpaka shingoni. Mtoto alikuwa amefikiri sawasawa. Kwa vile alivyoviona yeye, hakuna mwenye akili ambaye angejibu tofauti. Na bado sikutoka. Mchana alikwenda kucheza, na siku iliyofuata pia, na mimi nikajiambia nitasema wakati mzuri ukipatikana. Nilijidanganya hivyo siku sita.

Siku ya wazazi alikuja na mama yake, mshonaji wa mapazia, ambaye vipande vya uzi vilikuwa bado vimemganda kwenye mikono ya gauni. Waliketi mbele ya meza yangu. Kabla sijafungua faili mama akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, mimi nimekuja kushukuru. Nimesikia ulimwonea huruma mwanangu, ukamwongezea alama. Si kila mwalimu ana moyo huo."

Nikajibu, "Usijali, mama." Naam. Ndivyo nilivyojibu. Niliyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu, na sikuyarudisha.

"Na wewe, mshukuru mwalimu," mama akamwambia mtoto.

Akasimama, mikono nyuma. "Asante mwalimu kwa kunipa alama."

Hapo nilishindwa. Nilivuta karatasi yake kwenye faili, nikafungua ukurasa wa pili, nikamgeuzia. "Hesabu tiki hizi. Kwa sauti."

Alihesabu akizigusa kwa kidole. Mama yake alihesabu naye kwa midomo. Alipofika ishirini akaniangalia.

"Hizo ni zako," nilisema. "Sikukupa hata moja. Kona ilijikunja, nami sikuifungua. Nikakusema mbele ya darasa kwa kosa langu. Halafu nilipoliona nikaona haya kukiri, nikakuacha udhani zimejipandia zenyewe. Ulisoma, na ulipata kwa sababu ulisoma. Kesho nitasema hivi hivi mbele ya wote. Nisamehe, mwanangu. Na wewe mama, nisamehe."

Mama aliachia mkono wangu. Mtoto aliichukua ile kona akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mwalimu, mimi hukunja hivi siku zote," alisema. "Ili karatasi zisishikane."

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la pili."

Darasa la pili, la tatu, la nne, kalamu nyekundu ilikuwa yangu. Zile tisa, zile saba, zile kumi na moja, zote nilizipata kwa kupitia kona. Nilimuuliza mama kama ana karatasi hata moja ya zamani nyumbani.

"Za nini, mwalimu? Tulikuwa tunazichana tukifika tu." Kisha akamgeukia mtoto, na sauti yake ikawa ndogo. "Mwaka jana nilikuchapa kwa zile saba."

Mtoto alikuwa akinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa na swali.

"Kwa hiyo nilikuwa najua?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimeshampa uongo wa kutosha.

"Siwezi kujua, mwanangu," nilisema. "Nilikuwa mimi peke yangu wa kuzikunjua, na sikuzikunjua."