Kichwa Kikiwa Nusu

Ujumbe wa chuo ulinikuta saluni, nimeshika rasta za kusukia mkononi. Mawasilisho yaliyokuwa yafanyike alasiri yamesogezwa hadi asubuhi hiyo hiyo, na asiyefika anarudia mwaka. Wakubwa wa chuo wakitaka kusogeza mambo wanasogeza tu, kana kwamba sisi tunaishi chini ya madawati tukisubiri kuitwa.

Mbele yangu alikaa mteja, mfamasia, upande wa kulia wa kichwa umeshasukwa, wa kushoto umesimama wima kama umepata habari mbaya. Miguuni mwangu alikuwa binti yangu wa miaka mitatu, tunayemwita Inspekta kwa sababu hakuna kitu asichokihoji. Baba yake alikuwa zamu kiwandani, na jirani anayetushikia mtoto alikuwa anaumwa.

Nikaomba ruhusa. Mwenye saluni hakugeuza hata shingo. Akasema kichwa cha mteja hakiachwi nusu. Nikitoka bila kukimaliza, nisirudi. Kwa hilo alikuwa na haki, na ndilo lililoniudhi zaidi. Lakini mwaka mzima wa kusoma huku nakoroga chakula cha mtoto siutupi kwa ajili ya mtu aliyebadilisha ratiba akinywa chai.

"Dada," nikamwambia mfamasia, "kichwa chako sikiachi. Ila tunahama nacho."

Alijitazama kwenye kioo, akaangua kicheko. Akasema yeye alifanya mitihani akiwa na mimba ya miezi minane, sembuse kutembea na nywele nusu. Akajifunga kitambaa, akambeba Inspekta, mimi nikabeba rasta, tukaondoka. Mwenye saluni alibaki ameshika kiuno.

Chuoni, mhadhiri alikuwa mlangoni mwa darasa. Huyu ndiye aliyeniambia mwanzoni mwa muhula, mbele ya wenzangu wote, kwamba kazi, mtoto na masomo haviivi chungu kimoja, nichague. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwigiza nyumbani, sauti ya puani, kidole juu, tukicheka hadi machozi. Kilikuwa kicheko cha hasira.

Alitutazama, akasema darasa si mahali pa watoto. Mada yangu, aliyonipangia yeye mwenyewe, ilikuwa unyonyeshaji kwa akina mama walioajiriwa. Nilikuwa nafungua mdomo nimkumbushe hilo, Inspekta akamnyooshea kidole.

"Mama, huyu ndiye anayesema chagua, chagua?" akauliza, kwa sauti ile ile ya puani.

Mtu wa nyuma akashindwa kujizuia, akacheka. Ningeweza kusema ni utoto tu, hajui asemalo, na nilimwona mhadhiri akinisubiri niseme hivyo. Alama zangu zilikuwa mkononi mwake. Lakini nimkane mtoto aliyesema kweli, ili niruhusiwe kuzungumzia watoto?

"Ndiye huyu, mwanangu," nikasema. "Na mimi nimeshachagua, mwalimu. Nimechagua vyote, na vyote viko hapa. Nianze?"

Mhadhiri akamtazama mteja wangu, ambaye kitambaa kilikuwa kimemteleza na nusu ya kichwa iko hadharani. Mfamasia naye akamtazama bila kupepesa. Mwishowe mhadhiri akavuta kiti, akakaa.

"Dakika zako zinakwenda," akasema.

Nikaanza kuwasilisha. Maswali yake hayakuwa na huruma hata kidogo, na yote niliyajibu. Nilipomaliza akasema alama zitatoka pamoja na za wengine, ila jambo kama hili lisirudiwe tena.

Nikamwambia litarudiwa kila ratiba itakapobadilishwa namna hii. Kisha nikaenda zangu safu ya nyuma, nikamketisha mfamasia mbele yangu, Inspekta akanishikia rasta, nikaanza upande wa kushoto. Mwenzangu aliyefuata aliwasilisha huku mimi nasuka, na hakuna aliyenitoa.